MREJESHO: Somo la minyororo ya Markov na kompaila kwa vijana wa Kisauni

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza hapa nianzeje kuwafundisha vijana 12 minyororo ya Markov (kubashiri kinachofuata kwa kutazama kilichopo sasa tu) na kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa maagizo ya kompyuta) kwa vitendo, nikiwa na kompyuta 4 tu. Ahsanteni sana, nimerudi na majibu.

Aliyeshauri tuanze na karatasi, Mungu akubariki. Tuliandika "haraka haraka haina baraka", tukahesabu kila herufi inafuatwa na nini. Baada ya h ni a daima. Baada ya a, kati ya mara 11: r mara 3, k mara 3, i mara 1, na mwisho wa neno mara 4. Tukaweka vikaratasi vya herufi zinazofuata kwenye vikombe, kikombe kimoja kwa kila herufi, wakawa wanachomoa: herufi inayotoka ndiyo inaonyesha kikombe kinachofuata. Likatoka "hakaraina", kisha "baina". Neno la kweli kabisa, na halimo kwenye methali! Darasa zima lilipiga kelele. Kuandika programu ya kufanya hivyo kwa Python (lugha ya kuandikia programu) baada ya hapo kulichukua kama saa moja. (Markov mwenyewe, mwanahisabati wa Urusi, alihesabu kwa mkono, herufi 20,000 za shairi la Kirusi, mwaka 1913.)

Kompaila imefaulu nusu. Kukata maandishi vipande vipande waliweza. Lakini 2 + 3 * 4 iliwapa 20 badala ya 14, kwa kuwa programu yao ilisoma kushoto kwenda kulia tu, bila kuanza na kuzidisha (*). Ushauri wa kuchora mti wa hesabu (mchoro wa matawi unaoonyesha kipi kinafanywa kwanza) ubaoni kwanza niliuruka, nikidhani tutaokoa muda. Jumamosi tunarudia kompaila kwa mti. Shukrani tena.