Chakula kinachotupwa Dodoma na mikoa jirani: tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, juzi nilikuwa harusini hapa mjini. Saa sita usiku wahudumu wanamimina pilau na nyama kwenye ndoo za taka, nje walinzi wanapiga miayo. Nyie mmeona yapi?

Mgogo wa Mpwapwa: Kumbini ndiko kwenyewe.

Muuza nyanya: Hamjaona sokoni. Tenga likitoka Iringa, za chini zishakuwa rojo. Zinaishia dampo, zinaoza chini ya lundo bila hewa, zinatoa methani. Gesi hiyo, kilo kwa kilo, inapasha dunia joto kuliko hewa ukaa.

Kijana wa Chuo: Mama, watu hawana mvua unatuletea gesi?

Muuza nyanya: Na mvua inakukimbia kwa nini, mwanangu?

Mama Chemba: Mnalilia pilau. 2016 nilikuwa huku Chemba. Mahindi tulianika chini, yakalowa, yakaota ukungu. Chakula kilikuwa cha shida, nani angetupa? Tulipeta, tukasaga, tukala. Watoto wa jirani wakaanza kutapika, matumbo yakajaa, macho manjano kama bizari. Wazee wakasema wamerogwa, tukapoteza muda kwa mganga. Mdogo alifia mgongoni mwa mama yake njiani kwenda zahanati. Baadaye wataalamu wakaja kupima, wakasema sumukuvu, sumu ya ukungu. Dodoma na Manyara walikufa watu kama 20. Na sumu ile haifi kwa kupikwa. Mtu akiniambia kutupa chakula ni dhambi, namtazama tu.

Mgogo wa Mpwapwa: Pole sana mama.

Kijana wa Chuo: Poleni. Si mngewapa ng'ombe?

Mfugaji Kongwa: Ili sumu itoke kwenye maziwa umpe mwanao? Chuo gani hicho?

Dalali Kibaigwa: Anikeni kwenye turubai. Kisha tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado mabichi. Yakikauka, mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka isiyopitisha hewa: funga kila tabaka, mdudu dumuzi anakosa hewa anakufa.

Mfugaji Kongwa: Wangu ulitobolewa na panya wiki ya kwanza.

Dalali Kibaigwa: Fuga paka.

Mgogo wa Mpwapwa: Limeni mtama, mnang'ang'ania mahindi nchi kame hii.

Mama Chemba: Mtama nao ukilowa unaota ukungu, baba.

Mlinzi wa Zamu: Mleta mada, ukumbi upi huo? Jumamosi nakuja na hotpoti langu.