Potifolio ya dizaina: Behance, tovuti yako, Instagram au PDF?

kalamu_ya_wino: Wadau, naomba mnilinganishie. Kazi zipo kama 15: nembo, vifungashio, vipeperushi. Nawalenga wakala wa matangazo wa Dar na Nairobi, pamoja na wateja wadogo wa WhatsApp. Bajeti finyu.

gridi_kwanza: Behance, mtandao wa kuonyeshea kazi za dizaini, kwa hao wakala. Ni bure, ni mali ya Adobe, na wanaoajiri madizaina wameshaizoea. Pakia picha zenye upana wa pikseli 1400 au zaidi. Jalada la mradi litengeneze peke yake. Ukilikata tu kutoka picha ya kwanza, nembo hubaki nusu. Kasoro yake ni kwamba chini ya kazi yako zinapangwa kazi za watu wengine, na mteja mgeni anahamia huko bila hata kujua ametoka kwako.

Halafu 15 ni nyingi mno. Chagua 6 au 8. Kifungashio kimoja chenye maelezo (mteja alitaka nini, michoro ya penseli, wazo lililokataliwa na sababu yake, kisha bidhaa ikiwa rafuni) kinamwambia mwajiri mengi kuliko nembo 10 zilizopangwa kama stempu.

Rangi Nne: Naunga mkono, ila kwanza mrekebishe rangi. Faili la kiwandani liko CMYK (mfumo wa rangi za uchapishaji). Ukilitoa JPG hivyohivyo, kwenye simu rangi huja zimefifia au zinawaka kupita kiasi, kutegemea programu inayoifungua. Ligeuze kuwa sRGB (mfumo wa rangi za skrini), kisha liangalie kwenye simu mbili tofauti kabla ya kupakia.

bando_la_wiki: Kwa mteja wa WhatsApp, Behance ni safari ndefu. Mpe PDF: kurasa 10 hadi 12 za kulala, 1920 kwa 1080, isizidi MB 5. Itume kama hati, maana ukituma kurasa kama picha WhatsApp inazibana na maandishi madogo hayasomeki. Ukiiweka Google Drive, ruhusa iwe kwa yeyote mwenye kiungo. Fungua kiungo hicho kwenye dirisha fiche la kivinjari. Kikidai uombe ruhusa, ndicho atakachokutana nacho mwajiri, na wengi hawaombi.

gridi_kwanza: @bando_la_wiki sawa, ila PDF ikishatumwa huwezi kuirekebisha. Weka mwezi na mwaka kwenye jina la faili.

seva_ya_bure: Tovuti isidharauliwe. Anayelipia Creative Cloud (kifurushi cha programu za Adobe) ana Adobe Portfolio ya kutengenezea tovuti ndani yake, na inakubali kikoa chako, yaani anwani yako ya tovuti. Ila ukiacha kulipa, ukurasa nao unazimika. Kikoa cha .co.tz au .co.ke hulipiwa kila mwaka, na kisajiliwe kwa jina lako, si la fundi aliyekutengenezea. Picha zipunguze hadi KB 300 hivi kila moja. Ukurasa wa MB 20 unamlia mtu bando na anaufunga kabla haujamaliza kupakia.

Rangi Nne: Instagram iwe dirisha la duka tu, si ghala. Tangu 2025 gridi yake (picha zilivyopangwa kwenye wasifu wako) inaonyesha 3:4, kwa hiyo bango la mraba linakatwa pembeni. Tumia 1080 kwa 1350 na uache nafasi kingoni.

Jambo jingine linaloharibia wengi: nembo ya kampuni kubwa uliyoichora upya kwa mazoezi, iandike wazi kuwa ni zoezi. Na kazi ya timu, taja sehemu yako.

kalamu_ya_wino: Basi Behance kwa wakala, PDF kwa WhatsApp, tovuti baadaye. Bei niweke?

bando_la_wiki: Bei ya kuanzia tu, kwenye PDF, Behance usiweke. Na namba isiwe picha. Weka kiungo cha wa.me, kinachofungua gumzo la WhatsApp, chenye 255 na namba yako, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Ukiiweka hiyo sifuri, WhatsApp itasema namba haipo.