Tupeane uzoefu: kuingiza DPC (tabaka la kuzuia unyevu wa ardhini usipande) kwenye ukuta uliokwisha kusimama

Mwambao: Wakuu, masika haya lipu za chini zinabanduka tena huku Tanga, chumvi imepanda hadi usawa wa soketi. Anayejua kukata ukuta wa tofali na kupitisha nailoni atupe hatua.

Fundi Ngamiani: Chagua kozi (mstari wa matofali) iliyo juu ya ardhi ya nje angalau sm 15. Bandua lipu pande zote uone mota. Kata futi tatu, ruka futi tatu, kata nyingine. Diski ya grenda (mashine ya kukatia) ya inchi 9 inazama kama inchi mbili na nusu tu, kwa hiyo tofali la inchi 6 unalikata ndani na nje, katikati unamalizia kwa tindo. Fagia vumbi, lowanisha, laza mota ya moja kwa tatu (saruji kwa mchanga), tandika nailoni nzito ya DPC upana wote wa ukuta. Acha sm 15 za kupandiana na kipande kinachofuata. Juu yake shindilia mota kavukavu na vipande bapa vya jiwe gumu, pasibaki mwanya. Palipobaki usiguse mpaka siku saba.

Mama Sahare: Hapo kwenye kushindilia ndipo mafundi wanapolipua.

Dunda: Grenda lisiletwe Bagamoyo kwenye nyumba za matumbawe! Mawe yale hayana kozi, katikati ni kifusi na chokaa, ukikata yanamwagika. Shusheni ardhi ya nje, bandueni lipu ya saruji, pigeni ya chokaa.

Fundi Ngamiani: Kaka, mleta mada kasema tofali.

Dunda: Wanaosoma ni wengi.

Makorora: Hata tofali. Kuna nyumba huku fundi alikata upande mzima asubuhi moja, chini ya dirisha. Mchana ukuta ukakalia ule mwanya, ufa ukapanda toka kona ya dirisha hadi kwenye linta (boriti ya juu ya dirisha), kioo kikapasuka chenyewe. Watu wakakimbilia mirunda.

Mwambao: Mungu wangu! Walipona?

Makorora: Walipona. Ukuta ulibomolewa wote.

Pongwe: DPC haitoi chumvi iliyokwisha kuingia. Bandua lipu hadi sm 30 juu ya alama ya chumvi, piga upya bila mchanga wa baharini. Lipu mpya iishie juu ya nailoni, ikivuka maji yanapanda kupitia humo humo. Rangi isubiri kama mwezi kwa kila inchi ya unene wa ukuta.

Mama Sahare: Miezi sita, na Idd hiyo inakuja? Pakeni chokaa.

Pongwe: Chokaa sawa, unyevu unapita. Rangi ya mafuta ndiyo msiguse.