Mjadala: Sarafu zisizofuatilika zina kazi gani kwetu Uganda?

Mchuuzi wa Busia

Juzi ndugu mmoja aliandika hapa kwamba anayetaka pesa isiyoonekana ana jambo anaficha, na kwamba serikali yetu izipige marufuku Monero na Zcash, sarafu za kidijitali zinazoficha nani kamlipa nani, kwa kuwa hata Binance, soko kubwa la sarafu za kidijitali, iliitoa Monero kwenye soko lake Februari 2024. Wengi walimpongeza. Mimi nampinga, na nimefungua mada ili anayetaka kunijibu anijibu kwa hoja.

Nianze na daftari. Nenda kibanda chochote cha mobile money hapa mpakani ukatoe laki mbili. Wakala anakusukumia daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Unajaza huku aliye nyuma yako kwenye foleni anachungulia begani. Ukitaka kujua nani ametoa milioni tatu jana, funua ukurasa uliotangulia. Tumezoea, wala hakuna anayelalamika. Ndipo wakaja watu wakatuambia kripto, yaani hizi sarafu za kidijitali, ndiyo uhuru.

Nina rafiki mwenye duka la viatu Kikuubo, soko la jumla la Kampala, mzigo wake unatoka Guangzhou, China. Humlipa muuzaji kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kutoka pochi yake mwenyewe ya simu, maana kutuma dola kupitia benki kunachukua siku na makato yake yanauma. Msimu uliopita aliomba apunguziwe bei, akaeleza biashara ni ngumu, Kampala hakuna pesa. Muuzaji hakubishana. Alimtumia picha moja tu ya skrini: salio lote la pochi ile, pamoja na malipo aliyowafanyia wauzaji wengine wawili, tarehe na kiasi. Alichukua anwani iliyomlipa mara ya kwanza, akaitafuta kwenye tovuti ya kutazama miamala, ambayo iko wazi kwa kila mtu, basi. Bei haikushuka hata shilingi.

Kwa hiyo USDT, na hata Bitcoin iliyo mama wa sarafu hizi, ni daftari lilelile la wakala, ila foleni iliyo nyuma yako ni dunia nzima. Mnaozungumza habari za magaidi na wauza unga mnasahau kwamba mtu wa kwanza kuumia pesa yake inapoonekana ni mnyonge anayetaka kupatana bei.

Walioanzisha mambo haya waliliona mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 David Chaum alibuni njia ya benki kutia sahihi pesa ya kidijitali bila kujua mteja ataitumia wapi. Kampuni yake, DigiCash, ilifilisika 1998, lakini wazo halikufa. Mwaka 1992 Eric Hughes, Timothy May na John Gilmore walianza kukutana na wenzao karibu na San Francisco, wakaitwa saifapanki. Msimamo wao ulikuwa mfupi: faragha hupewi na serikali wala kampuni kwa hisani, unaijenga ndani ya programu. Phil Zimmermann alipotoa PGP mwaka 1991, programu ya kufunga barua pepe kwa usimbaji fiche, yaani kuyavuruga maneno asiyasome asiye na ufunguo, serikali ya Marekani ilimchunguza kama mtu aliyevusha silaha nje ya nchi, hadi 1996 ilipoachana naye. Leo kila ujumbe wako wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji na hakuna anayekuuliza unaficha nini.

Hal Finney, mmoja wa saifapanki, ndiye aliyepokea malipo ya kwanza ya Bitcoin Januari 2009. Ila Bitcoin ilijibu swali la nani atunze daftari. La nani alisome ililiacha wazi. Kiporo hicho ndicho walichokichukua Monero mwaka 2014 na Zcash mwaka 2016. Monero inachanganya malipo yako na mengine 15 ya zamani, anayetazama anaona 16 asijue lipi ni lako. Kiasi kimefichwa, na mpokeaji anapewa anwani mpya kwa kila malipo. Zcash inathibitisha kwa hesabu kwamba pesa ipo na haijatumika mara mbili, bila kutaja nani amemlipa nani, wala kiasi gani.

Na kabla hamjaniita mhalifu: noti ya elfu hamsini imeandikwa jina la nani? Julai 2018 serikali ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye mobile money, watu walirudi kwenye noti, na kodi ikashushwa hadi nusu asilimia, kwa kutoa tu. Hakuna aliyesema Waganda wote wamekuwa majambazi. Sifa hiyo ya noti ndiyo ninayoitaka kwenye simu.

Nnyabo wa Jinja

Ssebo, umeandika vizuri, lakini umeruka sehemu inayotuhusu. Mimi niko benki, kitengo cha kuzuia utakatishaji wa fedha. Uganda iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji, yaani orodha ya nchi zenye udhaifu zinazofuatiliwa kwa karibu, Februari 2020 na ikatoka Februari 2024. Miaka minne hiyo benki za nje zilikuwa zinauliza maswali juu ya maswali kabla ya kupitisha malipo yetu. Walioteseka ni haohao wafanyabiashara wako wa Kikuubo. Unataka turudi huko kwa ajili ya picha ya skrini?

Halafu Tornado Cash, programu ya kuchanganya kripto za watu wengi ili isijulikane ya nani ni ipi. Marekani iliiwekea vikwazo Agosti 2022 kwa sababu wadukuzi wa Korea Kaskazini waliitumia kusafishia pesa za wizi. Programu haichagui mteja. Na Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria itakayokataza makampuni ya kripto kule kushika sarafu za namna hii kuanzia Julai 2027.

Tena Monero yako utaigeuza shilingi wapi? Aprili 2022 Benki Kuu ilizikataza kampuni zenye leseni ya malipo kuhusika na kubadilisha kripto kwenda mobile money na kutoka huko. Shauri likapelekwa Mahakama Kuu, mwaka 2023 likatupwa. Mlango umefungwa, ndugu yangu.

Mkulima Masaka

Nyie mnabishana habari za Marekani. Mimi niliuza ng'ombe wa marehemu baba nikaweka kwenye kampuni ya sarafu iliyosema pesa itazaa kila mwezi. Siku moja tukakuta kufuli mlangoni. Polisi tukaandikisha, mbunge tukamwona. Hadi leo. Sarafu inayoonekana imenifanya hivi, isiyoonekana itanifanya nini?

Mchuuzi wa Busia

Pole sana mzee wangu, na nasema kwa dhati. Lakini tazama ulichotuandikia. Kampuni ilikuwa na mlango, maana umeukuta na kufuli. Bila shaka ilikuwa na bango na risiti na watu wa kukukaribisha kwa soda. Uliyempa pesa ulimwona kwa macho. Ulichoibiwa nacho ni ahadi ya faida isiyowezekana, na ahadi ile ingeweza kufungwa kwenye kripto, kwenye sungura au kwenye vanila. Huko hakukuwa na usimbaji wowote.

Fundi wa Koodi, Arua

Niongeze ya ufundi, kwa sababu pande zote mbili zinazungumza kama sarafu hizi ni shimo lisilo na taa.

Nnyabo, vipo vinavyoitwa funguo za kutazama. Mwenye pochi ya Zcash anaweza kumpa mhasibu wake, au mtu wa URA, mamlaka yetu ya kodi, ufunguo wa kusoma miamala yake bila uwezo wa kugusa pesa. Monero nayo ina ufunguo wa aina hiyo, ingawa unaonyesha yaliyoingia. Yaliyotoka inabidi uyatolee ushahidi mwingine. Yaani mteja ndiye anayechagua nani aone. Huyo muuzaji wa Guangzhou asingeona kitu na mkaguzi angeona.

Mchuuzi, na wewe usitupambie. Zcash kujificha ni hiari, na anayetumia anwani za wazi yuko uchi kama wa Bitcoin. Pochi ya Monero nayo lazima ipitie kila muamala wa mtandao mzima kutafuta ulio wako, na bloku mpya, yaani fungu jipya la miamala, inatoka takriban kila dakika mbili. Ukiizima simu wiki moja, ukiiwasha inakaa inatafuna bando. Bando letu lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Mama wa nyanya mwenye simu ya bei ya chini hawezi. Na mtandao ukizimwa, kama Januari 2021 wakati wa uchaguzi, pochi yako ni picha tu. Noti haikuzimwa siku zile.

Kwangu urithi wa saifapanki uko hapo: kupunguza huo mzigo wa kutafuta, pochi ifanye kazi kwenye simu dhaifu. Wapo wanaoihangaikia, lakini wachache, na wanaogopa. Alexey Pertsev, mmoja wa walioandika programu ya Tornado Cash, alihukumiwa Uholanzi Mei 2024 miaka mitano na miezi minne. Mwenzake Roman Storm alipatikana na hatia kwa shitaka moja New York Agosti 2025, ingawa vikwazo vyenyewe Marekani ilishaviondoa Machi mwaka huohuo. Mimi naipenda kazi hii, lakini sitaki kulala gereza la Luzira kwa sababu ya koodi ya programu niliyoitoa bure.

Nnyabo wa Jinja

Funguo za kutazama nazikubali kwa mteja mwema. Mwizi hatanipa ufunguo.

Mchuuzi wa Busia

Hatakupa, kama ambavyo hakupi hesabu ya noti alizofukia chini ya kitanda. Ndiyo maana nasema tuzitendee sarafu hizi kama taslimu. Sheria yetu ya kuzuia utakatishaji ya mwaka 2013 inawataka mripoti miamala ya taslimu inayozidi shilingi milioni 20. Fungueni ule mlango wa Benki Kuu, wapeni leseni wanaobadilisha, wekeni kiwango hichohicho. Mtu akileta Monero ya milioni 40, mwombeni kitambulisho, ufunguo na maelezo. Akikosa, arudi nayo. Anayebadilisha laki tatu za viatu mwacheni apite. Sasa hivi mmefunga, na watu wanabadilishana na wasiowajua kwenye magrupu ya simu, huko nnyabo huoni hata kimoja.

Nnyabo wa Jinja

Watazikata vipande vya milioni 19.

Mchuuzi wa Busia

Za noti wanazikata hivyohivyo leo, kaunta ya benki yako mwenyewe. Na mnawakamata, kwa kuwa mtu wa milioni 19 anayekuja kila Jumatatu na Alhamisi anajulikana hata na askari wa getini.