Ripoti ya mikopo Marekani: anzeni kusoma kwenye majina

Ndugu zangu, salaam kutoka Moshi, ambako nimekuja kwa mapumziko ya Desemba.

Jana dada mmoja wa Kiborloni, anayejiandaa kwenda Marekani kwa kazi ya uuguzi, aliniuliza iwapo sifa yake ya kurejesha mikopo ya SACCOS kwa wakati itamsaidia kupanga nyumba huko. Ilinibidi nimwambie ukweli kwamba haitamsaidia, kwa kuwa mtu aliyekopa na kurejesha hapa kwa miaka 10 hupokelewa kule kama asiyewahi kukopa kabisa.

Kumbukumbu za kule za jinsi mtu anavyokopa na kulipa, ambazo wenye nyumba pia huzitazama na ndizo ziitwazo ripoti ya mikopo, hutunzwa na kampuni 3, yaani Equifax, Experian na TransUnion, na kila moja ina faili lake, kwa hiyo kosa laweza kuwamo katika faili moja na lisiwemo katika mengine. Msilipie ripoti hizo, kwani kupitia AnnualCreditReport.com zote hupatikana bure kila wiki. Alama, ile namba ya kati ya 300 na 850 inayoonyesha jinsi mtu anavyoaminika kukopeshwa, kwa kawaida hamtaikuta humo. Hukokotolewa kutokana na yaliyoandikwa kwenye ripoti.

Sehemu ya majina ndiyo wengi huiruka, nami naomba muisome kwanza. Sisi tunabeba jina letu, la baba na la ukoo, na kila karani hukata analotaka. Katika mwaka wangu wa pili kule, nilikuta kwenye ripoti yangu kadi ya mkopo ya duka nisiyoijua, yenye marejesho mawili yaliyochelewa, ambayo ilikuwa ya mtu wa ukoo kama wangu na herufi ya kwanza ileile. Jina la baba, ambalo lingetutofautisha, halikuwamo. Niliandika barua ya pingamizi, nikaambatanisha nakala ya kitambulisho na ya mkataba wa pango, nikaituma kwa kampuni iliyotoa ripoti kwa posta ya rejista. Uchunguzi kwa kawaida hupewa siku 30, na mstari ule ulifutwa.

Deni lako halisi ulilochelewa kulipa ni jambo jingine, kwani hubaki kwenye ripoti hadi miaka 7, na inaniuma sana kuona ndugu wakiwalipa watu wanaodai kuwa wanaweza kulifuta.

Huyo dada nimemshauri aanze na kadi ya mkopo inayotolewa kwa amana, yaani unaweka kwanza fedha zako benki kama dhamana, anunue vitu vidogo na kulipa deni lote kila mwezi kabla ya tarehe. Kabla hatujaagana tuliandika majina yake matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, ili ayajaze hivyohivyo katika fomu ya kwanza ya benki na katika nyingine zote.