Mrejesho: nyaya za pawasaplai sasa zinatazamika

Wadau, mtakumbuka niliuliza nizifanyeje nyaya za pawasaplai (kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme), zile za njano na nyekundu zilizoning'inia kama matumbo nyuma ya kioo cha ubavuni cha kompyuta yangu.

Aliyenionya nisiazime nyaya za pawasaplai nyingine ameniokoa. Nilikuwa nimeshazipata kwa rafiki, na plagi zinaingia vizuri kabisa! Kumbe upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Volti 12 ikipita pa volti 5, diski imekwenda.

Basi Jumamosi nikashuka Luthuli, ule mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, nikanunua nyaya za kurefushia, zinazochomekwa kwenye ncha za zile za zamani, nyeusi, zilizovishwa uzi: ya pini 24 ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta), ya pini 8 ya prosesa na mbili za kadi ya picha. Ndani ya pakiti mna vichana vya kuzinyoosha. Hiyo ya pini 24 ilinila saa nzima, kama kumsuka mtoto asiyetulia.

Ila nyaya za zamani bado zipo. Nimezisokomeza nyuma ya madabodi, na kifuniko kiligoma kufunga hadi nilipokikandamiza kwa goti. Mbele panapendeza. Nyuma msiniulize.