Shahamu ya ng'ombe kwa ngozi kavu na yenye kuwasha: naomba ushauri

Mkulima wa Mwani, Micheweni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkulima wa mwani huku kaskazini ya Pemba, na ngozi yangu ni kavu tangu utotoni. Nikishinda pwani wakati wa maji kupwa, kisha chumvi ikanikaukia mwilini, mikono hukakamaa na visigino hufanya magaga yenye kuuma, na kusi ikianza kuvuma hali huzidi. Mwanangu wa kiume, ambaye hajatimiza miaka mitatu, daktari amesema ana pumu ya ngozi. Hujikuna viwiko na nyuma ya magoti mpaka akatoka damu. Losheni zenye manukato humchoma, na mimi pia hunitia muwasho usoni.

Baada ya Idd ya Mfunguo Tatu tulibakiwa na shahamu nyingi ya ng'ombe tuliyemchinja, na shangazi yangu akanishauri niiyeyushe, niichuje, tuitumie kuwa mafuta ya kupaka. Nimesikia pia kwamba huko Marekani na Uingereza marhamu ya namna hii inauzwa kwa bei kubwa na kusifiwa kuwa ni tiba ya takriban kila ugonjwa wa ngozi. Naomba kujua iwapo inafaa kweli au ni sifa za wauzaji tu, vipi hutengenezwa isinuke wala isiharibike, na kama naweza kumpaka mtoto bila ya kumdhuru. Mwenye kunijibu tafadhali anieleze na sababu, kwa kuwa shangazi ni mtu mzima na sipendi kumpinga bila ya hoja.

Mfamasia, Mjini Unguja

Waalaykumu salaam dada yangu. Jambo la kwanza ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni kwamba shahamu iliyosafishwa haina maji, kwa hiyo haiwezi kuipa ngozi unyevu ambao ngozi yenyewe haina. Kazi yake ni kuuzuia unyevu uliopo usitoke. Tabaka la juu la ngozi limefanywa na chembe zilizokufa zilizobanana, na baina ya chembe hizo mna mafuta maalumu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Mafuta hayo yakipungua kwa maji ya chumvi na sabuni, au yakawa na upungufu wa kurithi kama ilivyo kwa watoto wengi wenye pumu ya ngozi, maji hutoka kwa wepesi na vitu vyenye kuwasha huingia kwa wepesi huo huo. Mafundi wetu wa vyombo wanalifahamu jambo hili kwa njia yao, kwani deheni ya shahamu na chokaa wanayoipaka chini ya jahazi hailishi mbao kitu chochote, bali huyazuia maji.

Ukilifahamu hilo utaona kwamba wakati wa kupaka una uzito kuliko aina ya mafuta. Ukirudi pwani, ondoa chumvi yote kwa maji baridi au ya uvuguvugu, usikae sana majini, jifute kwa kugusisha taulo bila ya kusugua, kisha upake mara moja, ndani ya dakika tatu hivi, ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu. Mafuta yakipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hufunika ukavu, na mtu akaja kusema kuwa dawa haifai. Vilevile jitahidini kuacha kuogea sabuni ya mche ya kufulia. Ngozi yenye afya ina uchachu mdogo, pH (kipimo ambacho namba ikipanda uchachu hupungua) ya karibu na 5, ilhali sabuni za namna ile hufika 9 au 10 na huondoa yale mafuta ya asili niliyoyataja. Kwa mtoto, sabuni itumike pale penye uchafu tu, na iwe isiyo na manukato.

Ama sifa za wauzaji, zimo za kweli na zimo zilizopita mpaka. Ni kweli kwamba shahamu ya ng'ombe ina asidi za oleiki, palmitiki na steariki kwa wingi, na asidi hizo zimo pia katika mafuta ya mwili wa binadamu. Lakini kusema kwamba inafanana kabisa na mafuta yetu si sahihi, kwa sababu mafuta ya ngozi ya mtu yana skwalini na nta nyingi, ambazo katika shahamu hazimo kwa kiasi hicho. Zaidi ya hayo, asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huihitaji katika kuunda seramidi, ni kidogo mno ndani ya shahamu, na asidi ya oleiki ikizidi inaweza kuilegeza kinga ya ngozi, jambo lililoonekana katika majaribio ya mafuta ya zeituni. Vitamini A, D, E na K zinazotangazwa kwenye vichupa zimo kwa kiasi kidogo. Utafiti uliofanywa moja kwa moja juu ya shahamu na pumu ya ngozi ni mchache sana kulinganisha na ule wa mafuta ya mgando ya petroli, ambayo mpaka leo ndiyo yanayozuia maji ya ngozi kuliko karibu kila kitu kingine, tena ni rahisi na hayana harufu.

Kwa hiyo, dada yangu, shahamu safi inafaa kuwa kinga kwa ngozi kavu, hasa mikono na visigino vyako, lakini siyo tiba ya pumu ya ngozi. Unapokwenda kwenye mwani, paka mafuta ya mgando au shahamu kabla ya kuingia majini ili chumvi isipate njia, na uelewe kwamba shahamu haikingi jua. Kofia na mikono mirefu ni lazima.

Bi Mkubwa wa Wete

Mwanangu, shangazi yako hakukosea, ila shahamu inataka subira. Chukua ile iliyozunguka figo, kwa kuwa ni safi na ngumu na harufu yake ni ndogo. Ya nundu na ya chini ya ngozi huwa laini, na mara nyingi huja na vipande vya nyama. Ondoa kila uzi wa nyama na kila alama ya damu, maana hivyo ndivyo vinavyoozesha na kunukisha. Ikatekate ndogo ndogo kadiri uwezavyo, uitie katika sufuria pana pamoja na maji kidogo na kijiko cha chumvi, kisha uiweke juu ya moto mdogo sana. Isichemke kwa nguvu wala isikaangike, kwani ikiungua haitoki harufu hata ufanye nini.

Ikishayeyuka yote na vikabaki vikaango, yaani masalio makavu yasiyoyeyuka, ichuje kwa kitambaa safi cha bafta, uiache ipoe mpaka igande. Utaona shahamu imekaa juu na maji yenye uchafu yamekaa chini. Yamwage maji, ukwangue sehemu ya chini ya bonge iliyoshika utando wa kahawia, kisha uirudishe motoni kwa maji mapya na chumvi. Wengine huridhika na mara moja, lakini mimi huirejea mpaka nikiinusa nisisikie nyama. Mwisho iyeyushe peke yake bila ya maji, kwa moto mdogo, mpaka ule mchemko wa vipovu ukome, kwa sababu unyevu ukibaki ndani itaota ukungu. Usiondoke jikoni wakati huo na watoto wawe mbali, maana maji yaliyobaki chini huruka na mafuta ya moto. Usishangae ikiwa na rangi ya manjano kidogo; ng'ombe wetu hula majani mabichi na rangi hiyo hutoka huko.

Tena kuna jambo la hali ya hewa yetu. Mafuta ya nazi hapa kwetu huwa maji karibu mwaka mzima, huganda asubuhi za kipupwe tu, lakini shahamu hubaki ngumu hata wakati wa kaskazi, kwa kuwa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 40 na zaidi. Ukiipaka ilivyo itakuburuza ngozi. Mimi huchanganya vikombe vitatu vya shahamu na kikombe kimoja cha mafuta ya nazi au ya alizeti ingali moto, nikakoroga inapoanza kushika mpaka ikawa laini. Itie katika chupa za kioo zilizokauka kabisa, uziweke mahali penye kiza na baridi, na uchote kwa kijiko kikavu wala si kwa vidole vilivyorowa. Ikianza kutoa harufu kali ya mafuta yaliyochacha, itupe, usiipake hata kidogo.

Kwa mtoto mimi ningechagua samli safi ya ng'ombe, ambayo ni laini kuliko shahamu, nasi tuliwasinga nayo watoto wetu wote.

Maalim wa Chuoni, Mkoani

Naongeza upande wa tohara, kwa sababu watu wengi huuliza baada ya kwisha kupaka. Shahamu ya mnyama aliyechinjwa kisheria ni tohara na haina tatizo. Ya mzoga ni najisi, na imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya shahamu ya mzoga inayopakwa majahazi na ngozi na kuwashiwa taa, naye akajibu kuwa ni haramu. Katika madhehebu yetu ya Shafi wapo wanazuoni wanaoelewa kwamba katazo ni la kuuza, wakaruhusu kupaka vyombo, lakini mwili wa binadamu hawakuuruhusu. Kwa hiyo chupa iliyotoka nje, isiyoeleza ni shahamu ya mnyama gani na amechinjwa vipi, ni bora kuiacha, kwani huenda ikawa hata ya nguruwe. Na kwa kuwa dada ametaja mnyama wa Idd, ikiwa alikuwa wa udhhiya, yaani aliyechinjwa kwa ibada ya Idd, basi shahamu yake atumie mwenyewe na awape wengine, asiiuze.

Katika udhu, mafuta yaliyoyeyuka yakabakisha mng'ao tu juu ya ngozi hayazuii, lakini yaliyoganda yakafanya tabaka huzuia maji kufika, na lazima yaondolewe kwanza. Lililo jepesi ni kupaka baada ya udhu na kabla ya viungo kukauka. Mwenye ngozi kavu anayetawadha mara tano bila ya kupaka chochote baadaye huzidi kukauka, na kwa utaratibu huu kila udhu unakuwa nafasi ya kuihudumia ngozi yake.

Mkulima wa Mwani, Micheweni

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Hilo la kupaka baada ya udhu sikuwa nimelifikiria. Yamebaki mawili. Jirani ameniambia nitie matone ya mafuta ya karafuu ili kuondoa harufu na kuua vijidudu, je, inafaa? Na hospitali walinipa krimu ya dawa ya mtoto. Niiache nikianza shahamu, au nitumie vyote?

Mfamasia, Mjini Unguja

Dada, mafuta ya karafuu usiyatie. Najua ni fahari ya Pemba, na kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kiko hapo hapo Chake, lakini yamejaa yujenoli, ambayo huunguza ngozi nyeti na ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kwa kuleta mzio wa ngozi. Vivyo hivyo kwa mchaichai, mdalasini, marashi na udi. Harufu huondolewa kwa kurudia kuosha kama alivyoeleza Bi Mkubwa, na marhamu ya ngozi nyeti inavyokuwa na vitu vichache ndivyo inavyokuwa na usalama zaidi.

Kwa heshima ya Bi Mkubwa, juu ya samli natofautiana naye kidogo. Samli ya nyumbani mara nyingi hubaki na masalio ya maziwa, na protini ya chakula ikiingia kupitia ngozi iliyochubuka inaweza kumletea mtoto mzio wa chakula hicho. Shahamu iliyosafishwa vizuri ina hatari ndogo zaidi katika hili, na mafuta ya mgando hayana kabisa. Kwa sababu hiyo mtoto mngempaka mafuta ya mgando, na shahamu ukaiweka kwa ajili yako. Ikiwa shangazi atapenda mtoto naye apakwe, basi kwanza mpake kidogo upande wa ndani wa mkono, mahali pazima, asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na pasipotoka wekundu wala vipele ndipo uendelee.

Krimu ya hospitali usiiache. Wakati ngozi imechachamaa, dawa ndiyo inayotuliza uvimbe, na mafuta hufanya kazi ya kuilinda ngozi isirudi kukauka. Paka dawa kwanza sehemu zilizoathirika tu, subiri kiasi cha nusu saa, kisha upake mafuta mwili mzima. Na mafuta yaendelee kila siku hata pale ngozi inapokuwa nzuri. Kaskazi ikishika, punguza unene wake, hasa shingoni na kwenye mikunjo, kwa sababu mafuta mazito huziba jasho na kuleta harara. Kichwani chenye mba na usoni penye chunusi shahamu isipakwe.

Tafadhali jihadhari pia na marhamu zinazouzwa mitaani bila ya jina la mtengenezaji, zinazodaiwa kuwa ni za asili tupu na huku zinaondoa muwasho kwa usiku mmoja. Kasi ya namna hiyo mara nyingi ni ya steroidi kali iliyochanganywa kwa siri, na kwa mtoto hukondesha ngozi. Bidhaa ya namna hiyo ipelekwe kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Mwisho, mchunguze mtoto vizuri. Muwasho ukizidi usiku, ukawa baina ya vidole, na watu wengine wa nyumbani nao wakajikuna, huenda ni upele, ambao unahitaji dawa ya nyumba nzima na hautaondoka kwa mafuta ya aina yoyote. Ngozi ikitoa usaha au magamba ya manjano, au vikatokea vijilengelenge vingi vyenye kuuma pamoja na homa, usipake kitu na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.